Shubiri Nne

Kiti kilikuja ndani ya boksi la friji:
magurudumu mawili yamepanua miguu
kama mbuzi anayejizuia asianguke,
la tatu mbele, mbali, jembamba, lenye ubishi.
Ubavuni paliandikwa jina la mtu,
limekwanguliwa kwa kisu, zimebaki herufi mbili.
Nikachukua msasa nizimalize.
Shaame akasema: "Ziache. Naye alikipenda."

Mie ni fundi wa baiskeli, Wete.
Nimeziba pancha za watoto ambao leo ni masheha.
Lakini aluminiamu haikubali moto wangu,
ukiichomea inalia, kisha inamwagika kama uji.
Ufa ulipotokea chini ya magoti yake
nilikata bati la sufuria, nikauvisha,
nikapiga ribiti kumi na moja.
Ya kumi na mbili nikaikosa, nikapata kidole.

Usidhani anakaa. Kile si kiti cha kukaa.
Anapiga magoti, kifua juu ya mapaja,
kama mtu aliyeanza kusujudu akaitwa njiani.
Wala hasukumi: anapiga,
ngumi za mpira wa tairi la lori,
ta, ta, ta,
na alfajiri Limbani nzima inajua ni saa ngapi.
Mlimani, ngumi moja ya uvivu, kiti kinarudi nyuma.
Mteremkoni, kuku wa Pandani hawana bima.

Msimu wa karafuu ulimgombanisha na nusu ya wilaya.
Majamvi yalijaa barabara mpaka mstari mweupe,
na asubuhi moja akapita katikati ya jamvi la Bi Mize.
"Pishi nne! Umenisagia pishi nne, mwana wa Kombo!"
Angeweza kwenda. Nani angemkamata?
Akarudi. Akajishusha kwenye lami,
akavua glavu kwa meno,
akaokota moja moja, na zile zilizopasuka.
Bi Mize akasimama, mikono kiunoni.
Hakusema pole. Hakusema basi, mwanangu, inatosha.
Aliuliza tu: "Hicho kidude kina upana gani?"
Akapima kwa kiganja.
"Shubiri tatu na kitu. Nne, ukiweka na wasiwasi."

Mbio zenyewe zilikuwa ugenini, mji wa baridi.
Tulitazama kwa simu ya Mbwana Faki,
imeegemezwa kwenye kopo la grisi.
Wanaume kumi na nne, viti vyeusi vya kaboni,
mstari mmoja, kila mtu kajificha upepo
mgongoni mwa mwenziwe.
Na pale katikati, bati la sufuria langu.
Kilomita ya ishirini, wa tisa.
Ya thelathini na nane, wa tano, anatoka pembeni,
mkono juu, mdomo wazi,
hapo hapo picha ikaganda.
Bando limekwisha.
Tukachanga. Mwenye duka akahesabu sarafu kama anahesabu nywele.
Iliporudi, watu walikuwa wanakunywa maji.
Wa nne. Nusu gurudumu.
Mbwana akasema, bora angekuwa wa kumi,
ya kumi haiumi.

Usiku akanipigia. Sikumtajia nne.
"Bati lako halikulegea," akasema.
Nikamwambia: ile ribiti ya kumi na mbili niliikosa.
"Najua. Imenikwaruza goti njia nzima.
Miguu hii imekataa kwenda,
haikukataa kuumwa."
Akacheka. Halafu hatukuwa na la kusema,
tukasikilizana pumzi mpaka salio likakata.

Hajarudi bado. Karafuu zimeanza tena,
lami yote inanukia, majamvi bega kwa bega
kutoka msikitini hadi kwenye kona ya Bi Mize.
Ila ukingoni wameacha ujia,
mweusi, mnyoofu, umefagiliwa,
shubiri nne.
Jana mbuzi alijilaza pale, kwenye joto la lami.
Bi Mize akamtupia kandambili:
"Toka! Hapo pa mtu."